Zizi la Mzee Sayi

Wiki iliyopita walikuja kwangu hapa Somanda vijana watatu wa mafunzo kwa vitendo, kila mmoja na kishikwambi chake kwapani. Wanasoma sosholojia na maendeleo ya jamii, wametumwa vijijini kuhoji kaya. Mmoja wao, binti mchangamfu sana, akanionyesha mambo yanavyokwenda siku hizi. Unagusa kioo, swali linatokea. Nyumba ina bati? Ndiyo. Sakafu ya saruji? Hapana. Kuna mifugo? Ndiyo. Ukifika mwisho, kishikwambi chenyewe kinakwambia huyu ni maskini au si maskini.

"Bibi, hiki hakibishani na mtu," akaniambia kwa fahari.

Nikamwambia ndiyo maana sikiamini. Akacheka, akadhani natania.

Basi haya ninayoandika ni ya binti huyo na wenzake, na ni yenu ninyi wengine mtakaopangiwa Meatu, Itilima, Maswa na kwingineko, mkashuka kwenye basi na viatu vyeupe. Viatu hivyo vitawashinda ndani ya juma moja, lakini hilo mtajifunza wenyewe. Mimi nilikuwa afisa maendeleo ya jamii tangu mkoa huu haujazaliwa, tukiwa bado tunaitwa Shinyanga, mpaka magoti yalipokataa pikipiki. Sina digrii. Nina cheti cha chuo, makovu mawili ya eksozi mguuni, na mambo machache ambayo sikuyakuta kwenye kitabu chochote.

Kwetu ni Kondoa. Niliposhuka treni pale Malampaka, nikiwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba, nilikuwa nimekariri kitabu kizima. Tabaka ni nini, hadhi ni nini, dhima ni nini, hadhi ya kuzaliwa nayo inatofautianaje na hadhi ya kujitafutia. Ungeniamsha usingizini ningekutajia yote bila kukosea. Hakuna aliyeniamsha kuniuliza. Lori la pamba lilinichukua mpaka Mwanhuzi nikiwa nimekaa juu ya marobota, na nilipofika nilikuwa mweupe kichwa kizima kwa nyuzi za pamba. Akina mama wa sokoni wakanionea huruma: serikali nayo, kutuletea ajuza aje kuanza kazi!

Aliyenipokea ofisini alikuwa mkuu wangu wa kwanza, Bi Milembe, Mungu amrehemu. Alikuwa mwanamke wa Maswa, mnene, mkali, mvutaji wa ugoro, aliyeendesha pikipiki ya ofisi huku kitenge amekikunja magotini. Akivuta ugoro alipiga chafya mara kadhaa, akafuta macho, akasema, "Haya, sasa akili imekuja, tufanye kazi." Katika miaka yote niliyokaa naye sikumbuki akinisifu. Mpaka leo nikifanya jambo sawasawa, natazama pembeni kuona kama kanuna, na nikikuta hayupo moyo unaniuma.

Mkutano wangu wa kwanza nilihutubia juu ya usawa. Nilisimama mbele ya ghala la pamba la kijiji, nikasema wee! Binadamu wote ni sawa, mwanamke na mwanamume, mwenye nacho na asiye nacho. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Wakati wa kurudi Bi Milembe akasimamisha pikipiki katikati ya njia, akazima injini.

"Zaina, wanawake walikuwa wamekaa wapi?"

Nikafikiri. "Chini."

"Chini wapi?"

"Kwenye jua."

"Na wewe?"

Mimi nilikuwa kwenye kiti, kivulini, katikati ya wanaume, na nilikuwa nimeletewa soda ambayo sikumwona mtu mwingine akinywa. Bi Milembe akawasha pikipiki. "Umefundisha vizuri," akasema, "ila somo lenyewe lilikuwa limekaa mbele yako na hukulisalimia."

Tangu siku ile nikifika kwenye mkutano naangalia kwanza makalio. Nisameheni, lakini ndiyo kazi. Nani yuko kwenye kiti chenye egemeo, nani kwenye benchi la shule, nani kwenye kigoda, nani katandika gunia, nani yuko kwenye udongo mtupu na mtoto mgongoni. Kijiji hujipanga chenyewe kabla hujafungua mdomo. Ninyi mnafika mmeinama kwenye vioo vyenu, na mkiinua macho watu wameshatawanyika.

Jambo la pili: msiulize idadi ya ng'ombe. Niliuliza mimi, kule Bukundi, nikiwa bado mgeni.

"Baba, una ng'ombe wangapi?"

"Wapo."

"Wapo kama wangapi?"

"Wapo tu."

"Ni wengi?"

"Si haba."

"Kwa hiyo ni wachache?"

"Mayu, mama yangu, si nimekwambia wapo?"

Jua likatuhama kutoka upande mmoja wa nyumba mpaka wa pili, na ng'ombe bado wapo tu. Nilipomlalamikia Bi Milembe kwamba wafugaji hawa hawatoi ushirikiano, aliniuliza, "Wewe mtu usiyemjua akikusimamisha sokoni, akakuuliza una shilingi ngapi kwenye sidiria, utamjibu?" Sikuuliza tena.

Lakini habari niliyokaa kuiandika ni ya Mzee Sayi.

Mzee Sayi alikuwa na mji wake huko huko Bukundi, pembeni kidogo ya kijiji, njia ya kwenda malishoni. Mji, kwa lugha ya huku, ni boma la familia: nyumba, uwanja, ghala la mahindi na zizi. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, ya kawaida kabisa. Zizi lake ndilo lililokuwa likitangaza jina lake. Jioni ng'ombe waliporudi, vumbi lao lilionekana kabla ya wao, na walipoingia zizini walibanana mpaka pembe zikagongana. Mtu akipita na mgeni alimwonyesha: "Pale ni kwa Sayi."

Kwa sababu ya zizi lile, Mzee Sayi alikuwa na kiti. Shule ya kijiji ilikuwa na viti vichache vya mbao, na kila palipokuwa na mkutano vililetwa: kimoja cha mwenyekiti, kimoja cha mtendaji, kimoja cha mgeni, na kimoja cha Mzee Sayi. Hakuwa na cheo chochote. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kofia ya pama iliyochakaa, na akisema jambo watu walinyamaza kusikiliza. Akisalimiwa, salamu ilikuwa ndefu. "Mwangaluka, baba! Mhola, salama? Mji wote mhola? Ng'ombe nazo?" Mwenye mbuzi wawili husalimiwa huku mtu anapita. Nendeni mkapime wenyewe, salamu ina urefu wake kwa kila mtu.

Mimi nilikuwa nalala kwake nikienda upande ule, kwa kuwa mgeni wa serikali hulazwa kwenye mji wenye maziwa. Ndipo nilipomfahamu binti yao mkubwa, Limi. Alikuwa amemaliza darasa la saba. Mzee Sayi hakujua kusoma, kwa hiyo siku ya kuogesha ng'ombe Limi ndiye aliyesoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa: maji kiasi gani, dawa kiasi gani, usiguse macho. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na baba yake aliyejaa heshima kijiji kizima alisimama kando na ndoo, akisubiri kuambiwa. Nilipenda kuwatazama wale wawili, na nawakumbuka hivyo zaidi kuliko namna nyingine yoyote.

Limi alifaulu. Akachaguliwa sekondari ya mbali, ya kulala bwenini. Mwaka huo huo ulikuja mradi wa kusomesha watoto wa kaya zisizo na uwezo: ada, sare, godoro, kila kitu. Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kukaa na wanakijiji ili wenyewe waseme ni kaya zipi. Na mwaka huo huo jirani mmoja aitwaye Ngasa alianza kumtembelea Mzee Sayi. Ngasa alikuwa na kijana aliyefikia kuoa. Alitaka binti wa mji wenye ng'ombe, na alikuwa tayari kutoa mahari ya kufanana na mji huo. Alichosubiri ni siku za kuripoti shuleni zipite, Limi apoteze nafasi yake.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama zizini nikimtazama mama yake Limi akikamua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akasema bila kuinua kichwa, "Mayu Zaina, unaona haya maziwa?"

"Nayaona, mama."

"Haya ndiyo ya kwetu. Na mbolea. Ng'ombe zenyewe zina mwenyewe."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza kwa sauti ya chini, maziwa yakichuruzika kwenye kibuyu. Ng'ombe walikuwa wa mfanyabiashara mmoja wa Mwanhuzi. Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Huwagawa kwa watu anaowaamini, ili ugonjwa ukiingia huku, kule wapone, na ili macho ya ndugu yasiwaone wote kwa mpigo. Anayewafuga hupata maziwa, mbolea, maksai wa kulimia, na kwa bahati sana ndama. Haiandikwi popote. Kinachoshikilia mapatano hayo ni kunyamaza. Mwenye mali hasemi ameweka wapi, na mfugaji hasemi ni za nani. Jirani anaweza kukisia, lakini kukisia zizi la mwenzako kwa sauti ni kukosa adabu.

"Za kwetu ni mbuzi," akasema. "Ngasa akitoa mahari, ndipo Baba Limi atakuwa na ng'ombe zake. Za kwanza tangu azaliwe." Akasogeza kibuyu. "Na mimi nataka mtoto asome."

Fikirini jambo lile, wanangu. Mwanamume yule amekaa miaka kwenye kiti cha mwenye mali, hana hata ndama wa kwake, na njia ya kupata ng'ombe wa kweli inapita kwa binti anayemsomea chupa za dawa.

Mkutano ulifanyika kwenye kivuli cha ghala la pamba. Safari hii wanawake nao walikuwa kivulini, hilo nilikuwa nimejifunza. Tulichora maduara matatu chini: wenye nacho, wa katikati, wasio nacho. Kila kaya ilileta alama yake, mwingine gunzi, mwingine kizibo cha chupa, mwingine kipande cha kibuyu, na watu walisema kwa sauti iwekwe wapi. Alama ya Mzee Sayi ilikuwa kipande cha pembe ya ng'ombe.

"Sayi!" akaita mwenyekiti.

Watu wakacheka kwa furaha. "Huyo mnamuuliza nini? Weka kule kwa matajiri!" Ilikuwa sifa, hakuna aliyekuwa na ubaya moyoni. Mwenyekiti akaiweka pembe kwenye duara la wenye nacho, katikati kabisa. Ngasa akatikisa kichwa kuridhika. Mzee Sayi akashusha pama kidogo usoni, akatabasamu. Mimi nikamtazama mama Limi upande wa wanawake. Alikuwa ananitazama mimi.

Niliandika matokeo kama yalivyowekwa. Nilirudi Mwanhuzi, nikamweleza Bi Milembe, nikitegemea atapanda pikipiki saa ile ile akavunje mkutano. Alivuta ugoro. Akapiga chafya zake.

"Siri ya mtu si yako kuigawa," akasema. "Ila maswali ni ya ofisi. Uliuliza nini pale?"

"Niliuliza nani anacho."

"Basi wamekujibu. Wamekwambia kilicho zizini. Umilikaji hauko zizini, Zaina. Kauulize kwa njia nyingine, umuulize kila mtu, na yeye mmojawapo. Akitaka kutoka, mlango atauona. Asipotaka, usimsukume."

Tulikuwa na mkutano wa pili wa kuhakiki, kama kawaida. Swali tulilitunga tukiwa tumeegemea pikipiki, tukibishana kila neno. Nililiuliza mimi, kwa wakuu wa kaya wote, mmoja baada ya mwingine: "Nyumbani kwako akiugua mtu vibaya, utauza nini ili umpeleke hospitali, bila kumwomba mtu mwingine ruhusa?"

Mwanzo kilikuwa kichekesho. Mwenyekiti alisema atauza kuku, na mkewe akadakia kutoka upande wa pili, "Kuku wa nani? Kuku ni wangu!" Watu wakavunjika mbavu. Kijana mmoja mwenye redio kubwa alikiri redio ni ya shemeji yake. Mjane mmoja alisema hana cha kuuza, na hapo kicheko kikapungua. Kadiri majibu yalivyoendelea watu walianza kutazamana kwa namna mpya. Wengine tuliokuwa tumewaweka katikati walionekana hawana chao, na bibi mmoja aliyekaa kwenye gunia, asiyepewa kiti hata siku moja, alisema kwa upole kwamba atauza ng'ombe wake mmoja kati ya hao alioachiwa na kaka yake, na kwamba hahitaji kumuuliza mtu.

Zamu ikamfikia Mzee Sayi. Nilikuwa nimeshika kalamu juu ya jina lake. Angeweza kusema "nitauza ng'ombe," mambo yakaisha. Hakuna mtu pale angembishia.

Alisimama. Kwa kawaida alikuwa anajibu amekaa.

"Mimi nitauza mbuzi," akasema.

Ngasa akacheka. "Mbuzi tena, mzee mwenzangu? Na ng'ombe je?"

Mzee Sayi akavua kofia. Sijui kwa nini aliivua. Akatazama upande wa wanawake, alipokuwa amekaa mkewe na Limi nyuma yake.

"Ng'ombe zile si zangu," akasema. "Zina mwenyewe. Mimi nachunga."

Kisha Mzee Sayi akapiga hatua mpaka kwenye duara, akainama, akaokota kipande chake cha pembe, akakihamisha mwenyewe kwenye duara la wasio nacho, karibu na alama ya yule mjane. Ngasa akainuka, akajipangusa suruali, akaondoka bila kuaga. Watu wawili watatu wa upande wake wakamfuata.

Mzee Sayi hakurudi kwenye kiti. Alikwenda akaketi chini, kwenye udongo, miguu yake mirefu haijui ikae vipi. Kile kiti kikabaki kitupu. Wako waliokuwa wamesimama muda wote kwa kukosa pa kukaa, na hakuna hata mmoja aliyekisogelea mpaka mkutano ulipofungwa. Mimi niliendelea kuuliza maswali yangu na sikumbuki majibu ya wale waliofuata.

Kitabu kitawaambia kuna mali, kuna heshima na kuna uwezo wa kuamua, na kwamba tabaka la mtu limesukwa kwa hivyo vitatu. Ni kweli. Ila kitabu kinavipanga kwa namna ambayo unadhani vinatembea pamoja. Mzee Sayi alikuwa na heshima bila mali. Bibi wa kwenye gunia alikuwa na mali bila heshima. Mama Limi hakuwa na mali wala kiti, na ndiye aliyeamua. Mimi nilikuwa nimeuliza mtu atauza nini bila kumwomba mwingine ruhusa, nikadhani nauliza habari ya mbuzi. Mzee yule aliangalia kila alichonacho, akakuta cha kwake halisi ni heshima tu, akaiuza mbele yetu.

Na aliuza kweli, msidhani watu walimbeba mabegani. Yule mfanyabiashara alisikia, kama ilivyo lazima asikie. Kiangazi kilipofika walikuja vijana wake wakawaswaga ng'ombe wote, maana mfugaji aliyesema mara moja anaweza kusema tena. Zizi likaota majani. Salamu za Mzee Sayi zikawa fupi. Mara moja nilimkuta amebeba chupa ya maziwa aliyoinunua kwa jirani.

"Mayu Zaina," akaniambia, "swali lako lile lilikuwa zuri. Ila sasa maziwa nanunua."

Alisema akitabasamu. Na msinipe sifa kwa habari ya Limi kwenda shule. Nafasi za mradi zilikuwa chache, na Limi alipoingia kuna mtoto mwingine aliyebaki nje ambaye mimi sikuwahi kumuuliza mama yake chochote. Kazi hii ina hilo ndani yake. Anayetaka kazi ya kulala usingizi mzuri aombe nyingine.

Bi Milembe nilipomsimulia yaliyotokea alisikiliza mpaka mwisho. Hakuvuta ugoro. Akasema, "Kesho tunakwenda Lagangabilili, uwahi." Lakini safari ile alinipa pikipiki niendeshe mimi, na yeye akapanda nyuma, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Siku hizi ukifika Lagangabilili utashangaa. Ofisi mpya za wilaya, mabati yanametameta, vijana wa mikoa yote wanaulizana wapi kuna chipsi. Barabarani pale kuna duka la dawa za mifugo lenye mlango wa kijani. Mwenye duka ni Limi. Hakuwa profesa, msinitazame hivyo. Alimaliza kidato cha nne kwa shida, akasomea mifugo, akafanya kazi za watu, akafungua duka. Mfugaji akiingia asiyejua kusoma, Limi anatoka nyuma ya kaunta, anasimama naye mlangoni kwenye mwanga, anamsomea chupa nzima kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

Mwezi uliopita alikuja hapa Somanda kunichukua. Alisema baba yake amezeeka, ananiulizia. Tukaenda Bukundi kwa gari la rafiki yake. Nilimkuta Mzee Sayi ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, miguu mirefu ile ile, kofia sijui kama ni ile ile. Salamu yetu ilikuwa ndefu, tulianzia kwa walio hai tukaishia kwa Bi Milembe. Mkewe akaniletea maziwa kwenye kikombe kikubwa, akasimama aone nikimaliza.

Jioni ikafika, na mbele ya macho yangu vumbi likainuka njia ya malishoni. Ng'ombe wakaja. Hawakuwa wengi kama wa zamani, lakini walikuwa wanono, wakaingia zizini wakibanana, pembe zikagongana.

Wakati huo alikuwa anapita mtu na baiskeli, mgeni wa eneo lile, muuza dagaa. Akasimama kuwastaajabia.

"Mzee, hongera," akasema. "Ng'ombe zako nzuri sana hizi."

Mzee Sayi akashika mikono ya kiti, akajiinua taratibu mpaka akasimama wima. Akavua kofia. Akasema kwa sauti kubwa, ambayo nina hakika ilisikika mpaka kwa Ngasa:

"Si zangu! Zina mwenyewe. Za Limi. Mimi nachunga."